Kodi ya Utulivu

Katika lugha yetu neno kodi hubeba mizigo miwili. Kodi ni fedha anayoitoa mpangaji kwa mwenye nyumba. Tena kodi ni fedha anayoitoa raia kwa serikali. Lugha nyingine zimeyatenga mambo haya na kulipa kila moja jina lake. Waholanzi, kwa mfano, humlipa mwenye nyumba huur na serikali huilipa belasting, wala hapana mtoto kwao awezaye kuyachanganya. Nilipokuwa kijana niliona kuwa neno letu lina upungufu. Baada ya kupanga nyumba Uholanzi kwa muda wa miaka miwili, sina tena hakika kwamba upungufu uko kwetu.

Swali ninalotaka kuuliza ni hili: mtu apangaye nyumba mahali patulivu hulipa kodi ya nini, na amlipaye ni nani? Sehemu ya jibu ni dhahiri. Hulipa paa lisilovuja, kuta, maji na mlango wa kufunga usiku. Lakini paa na kuta kama zile hupatikana penye kelele pia, na kwa bei nyingine. Ile tofauti ya bei ndiyo inayonishughulisha.

Nilikwenda Leiden kwa ajili ya masomo. Chuo kikuu cha mji ule kilianzishwa mwaka 1575, na lugha za Afrika, Kiswahili kikiwamo, zimekuwa zikifundishwa huko kwa miaka mingi. Wanafunzi ni wengi kuliko vyumba. Mtu akikosa chumba mjini hutazama kaskazini magharibi, ambako mpaka hauonekani kwa macho: barabara ni ile ile, njia ya baiskeli ni ile ile, ila kibao tu humwarifu mpitaji kuwa ameingia Oegstgeest. Hii ni manispaa inayojitawala, yenye watu zaidi ya 25,000. Nyumba zake ni za matofali, bustani zake zimepunguzwa kwa mkasi, na madirisha yake makubwa huachwa bila kufungwa mapazia, kana kwamba kila mtu anasema, tazama, sina cha kuficha. Saa nne za usiku ukisikia sauti ni ya kengele ya baiskeli au ya bata katika mfereji. Wakazi wakitaka gari moshi huenda kituo cha Leiden. Wakiugua sana huenda hospitali ya Leiden. Wengi wao mkate wao hutoka Leiden au mbali zaidi. Jioni hurudi kulala.

Desturi hii si mpya. Herman Boerhaave, tabibu na mwalimu wa Leiden ambaye sifa yake ilienea Ulaya nzima, alinunua jumba la Oud-Poelgeest lililoko Oegstgeest mwaka 1724. Alikuwa na kazi mjini na miti yake kijijini. Tangu zamani, basi, mji ulikuwa mahali pa kuchuma na kijiji mahali pa kupumzikia, kwa yule aliyeweza kununua vyote viwili. Nisimdhulumu mtu: Oegstgeest haikuwa ya matajiri peke yao. Mwandishi Jan Wolkers alizaliwa humo mwaka 1925, mtoto wa mwenye duka, katika nyumba iliyojaa watoto, na kitabu chake cha mwaka 1965 kuhusu kurudi huko hakisimulii bustani tu.

Sasa niseme jinsi kodi inavyohesabiwa, maana Waholanzi ni watu wa hesabu. Kodi ya nyumba nyingi haikuachiwa soko peke yake. Nyumba hupimwa kwa pointi: ukubwa wa vyumba, jiko, bafu, bustani au roshani, na jinsi inavyohifadhi joto. Pointi zikijumlishwa hutoa kiwango cha juu cha kodi. Tangu tarehe 1 Julai 2024 sheria imeueneza utaratibu huu hata kwa nyumba za daraja la kati, zenye pointi 144 mpaka 186. Nyumba yenye pointi 187 au zaidi huachiwa mapatano. Vyumba vya kupanga ndani ya nyumba ya mtu vina hesabu yake ya namna hiyo hiyo. Mpangaji mwenye mashaka huweza kupeleka neno lake mbele ya baraza la kodi, na mabaraza ya jinsi hiyo yalianza kwa sheria ya mwaka 1917. Hata amana imewekewa mpaka: tangu Julai 2023 mwenye nyumba haruhusiwi kudai zaidi ya kodi ya miezi miwili. Mtu aliyepanga Dar es Salaam, akadaiwa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kabla ya kukabidhiwa ufunguo, atausoma mstari huo mara mbili.

Utulivu je, una pointi ngapi? Kabla ya mwaka 2015 mazingira ya nyumba yalipewa pointi zake waziwazi, na kero ziliweza kuzipunguza. Tangu Oktoba 2015 mazingira yamehamishiwa mlango wa uani. Pointi kadhaa sasa hutokana na thamani ya nyumba, ile ambayo manispaa huikadiria kila mwaka kwa ajili ya kutoza kodi. Mtaa ukipendwa, thamani hupanda. Thamani ikipanda, pointi huongezeka. Pointi zikiongezeka, mwenye nyumba hupata ruhusa ya kudai zaidi. Mwaka 2022 wakaweka kikomo, kuwa kwa kawaida sehemu hii isizidi theluthi ya pointi, kwa sababu ilikuwa imeanza kuzimeza nyingine. Hapo, msomaji, kodi mbili zilizotenganishwa na Kiholanzi hukutana tena chumbani gizani, na neno letu moja huonekana kuwa lilijua jambo.

Maana utulivu ule haukufanywa na mwenye nyumba. Yeye alijenga au alinunua matofali. Utulivu umefanywa na majirani wanaojizuia. Umefanywa na mpangaji mwenyewe, apandaye ngazi kwa soksi ili asimwamshe mtu. Tena, na hili ndilo husahauliwa, umefanywa na mji wa jirani uliokubali kubeba kelele. Leiden ina kituo, hospitali, vilabu vya wanafunzi, magari ya kupakua mizigo alfajiri. Laiti mambo hayo yangegawanywa kwa mizani, Oegstgeest isingelala mapema hivyo. Mpangaji basi hulipa fedha kwa kitu ambacho yeye ni mmoja wa watendaji wake, na anayezipokea si mtendaji mkuu.

Nitajibiwa kuwa mwenye nyumba naye aliununua utulivu huo aliponunua nyumba. Ni kweli, wala simwiti mnyang'anyi. Lakini aliyemuuzia hakuufanya pia. Ni kama nyumba ya pwani inayopangishwa kwa bei ya juu kwa sababu ya upepo wa bahari: fedha hupita mikononi mwa watu, na hakuna hata mmoja aliyeupuliza. Nakubali kuwa mtu atoze kwa paa. Kwa upepo, naona angalau angetoza kwa haya kidogo.

Utulivu una tabia nyingine, nayo ni mbaya zaidi. Kila aupataye hutamani kuwa mtu wa mwisho kuupata. Katiba ya Uholanzi tangu mwaka 1983 inaiagiza serikali ishughulikie upatikanaji wa makazi ya kutosha, na sheria ya nyumba ya mwaka 1901 ilikuwa imekwisha kufungua njia kwa vyama vya kujenga nyumba za watu wa kipato kidogo. Hata hivyo wanaongoja nyumba hizo hungoja miaka. Tangu Januari 2024 manispaa zinaruhusiwa kuwatengea wenyeji wa mahali hadi nusu ya nyumba zilizo chini ya mgao. Sababu zake zinaeleweka. Mtoto wa kijiji naye apate pa kuishi. Lakini mwenyeji ni nani, pahali ambapo wengi walikuja wakitafuta usingizi?

Nisijifanye mwamuzi safi. Katika mwezi wa sita wa kukaa kwangu lilitiwa mlangoni tangazo kuhusu nyumba mpya zilizokusudiwa kujengwa katika uwanja wa majani niliouona kutoka dirishani. Nililisoma nimesimama, na jambo la kwanza lililonijia moyoni lilikuwa chuki. Mimi, nisiye na hata tofali moja katika nchi ile, niliyekuja jana, nilikuwa nimekwisha kuwakasirikia watu watakaokuja kesho. Nilikunja karatasi ile nikaiweka ndani ya kitabu, na aibu yangu pamoja nayo.

Nimesema utulivu, sijasema kimya. Katika Kiswahili hayo ni mambo mawili. Utulivu ni wa mtu aliyeshiba na kupumua. Kimya ni cha mtu aliyefunga kinywa, na wahenga walionya kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi niliupata utulivu wa Oegstgeest kwa kulipa kimya.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mzee mgane, mwalimu mstaafu, mtu mpole. Alinipangisha vyumba viwili vya juu kwa kodi ambayo kila niliyemtajia alistaajabu kwa udogo wake. Akaniambia kwa adabu, "Bwana, vyumba ni vyako, ila nakuomba usijiandikishe kwa anwani hii." Sheria ya huko humtaka anayekuja kukaa miezi minne au zaidi ajiandikishe katika manispaa anayoishi, ndani ya siku tano, wala mwenye nyumba hana mamlaka ya kumzuia. Mzee alilijua hilo. Aliogopa ushuru wa taka, ambao katika manispaa nyingi huwa mdogo kwa mtu akaaye peke yake. Tena aliogopa, kama alivyokiri siku moja tukinywa kahawa, kuwa mpangaji aliyeandikwa haondoki upesi. Mimi nilikuwa nimetafuta chumba miezi mitatu. Nikasema, "Haya, Bwana."

Lakini pasipo kuandikwa mahali popote mtu hapati namba ya uraia ya kufanyia kazi, na pasipo namba hiyo mshahara na bima huwa taabu. Ndugu mmoja wa Bujumbura, aliyekuwa akisafisha ofisi usiku na kupanga chumba kimoja na jiko mjini Leiden juu ya barabara ya mabasi, aliniazima anwani yake. Hakutaka malipo. "Wewe ni ndugu," alisema, "jina halichukui nafasi ya kulala." Hivyo kwa karatasi nililala Leiden penye kelele, na kwa mwili nililala Oegstgeest.

Jina huchukua nafasi. Serikali ya Uholanzi humsaidia mpangaji wa kipato kidogo kulipa kodi, na katika kupima msaada huo huhesabu mapato ya kila aliyeandikwa katika nyumba hiyo. Saa chache nilizofundisha zilitosha. Baada ya miezi kumi ndugu yangu alipata barua kwamba msaada wake umepunguzwa, na uliokwisha kutolewa arudishe sehemu. Alinionyesha barua ile bila hasira, akinitaka nimfasirie neno moja tu, akidhani labda amesoma vibaya. Hakuwa amesoma vibaya.

Niliporudi usiku ule kwa baiskeli, mitaa ya Oegstgeest ilikuwa shwari kama ilivyo siku zote. Nilikuwa nikifikiri juu ya mji kubeba kelele za kijiji kana kwamba ni jambo la hadhara, la manispaa mbili na ramani. Kumbe nilikuwa nimelitenda mimi mwenyewe katika kadiri ya mtu mmoja. Bei ndogo niliyoifurahia haikuwa ndogo. Sehemu yake ilikuwa ikilipwa juu ya barabara ya mabasi, na mtu arudiye kazini alfajiri. Naye mzee wangu, ambaye ningependa kumtwika lawama yote, hakuwa akimjua. Mimi nilikuwa nikimjua.

Je, ningekataa masharti yale siku ya kwanza, ningalilala wapi? Swali hili nimeulizwa na rafiki zangu, na sina jibu la kuwaridhisha. Mtu aliye nje kwenye mvua hachagui kwa uhuru ule ule wa mtu aliye ndani. Lakini miezi kumi si siku ya kwanza. Mvua ilikuwa imekwisha zamani, nami niliendelea kukaa kimya kwa kuwa kimya kilikuwa na faida.

Nilikwenda ofisi ya manispaa asubuhi. Mwanamke wa mezani aliniuliza ninaishi wapi, nikamwambia. Akauliza tangu lini. Kulikuwa na jibu jepesi, la kusema tangu juzi, na jibu hilo lisingemrudishia ndugu yangu hata senti moja. Nikasema tarehe ya kweli. Aliinua macho, akanitazama kidogo, akaandika.

Kisha nikamweleza mzee. Hakunifukuza, wala hakusema neno kwa siku nane. Tulipokutana ukumbini tulipishana kama watu waliobeba vyombo vya kuvunjika. Deni la ndugu yangu nilililipa kwa mafungu. Siku ya tisa mzee alipanda ngazi, akagonga, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya, akanipa hati ya ushuru wa taka wa kaya ya watu wawili. Alikuwa amepiga mstari kwa kalamu chini ya ile tofauti. Nilikwenda kuchukua fedha. Aliposhuka alizihesabu polepole, na kutoka chini akaniuliza kwa sauti kubwa, iliyosikika hadi barabarani, kama nafahamu kuwa mapipa hutolewa nje Alhamisi.