Udhuru wa Nyumba Moja

Jina la Sumbawanga, kama wenyeji wa Ufipa wanavyolifasiri, ni amri: tupa uchawi. Na amri hiyo haikuishia katika jina. Katika karne ya 20 uwanda huo ulipitiwa zaidi ya mara moja na mawimbi ya mchape, watu waliokwenda kijiji hadi kijiji na dawa ya kuukomesha uchawi. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi miongoni mwa Wafipa katika miaka ya 1960, ameandika habari za wimbi mojawapo, lililoitwa Kamchape. Mantiki ya dawa za namna ile ilikuwa nyepesi na kali: hazifai kitu mpaka kijiji kizima kizipokee. Nyumba moja ikikataa, wote wamo hatarini; naye aliyekataa amejitia mwenyewe katika shuka la tuhuma.

Mantiki hiyo inafaa kukumbukwa kabla ya kuzungumza habari za chanjo, kwani kwa sura ya nje mambo haya mawili yanafanana mno. Daktari naye husema kwamba kinga ya jamii haitimii mpaka walio wengi sana waipate; kwa surua hutajwa watoto 95 katika kila 100. Tofauti ni kwamba dai la daktari laweza kupimwa, na likishindwa huachwa. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini hailijibu swali la kimaadili. Je, mzazi asemaye kwamba dhamiri yake au dini yake haimruhusu kumchanja mwanawe anastahili kupewa udhuru, na mtoto huyo akaketi darasani pamoja na wenzake?

Uingereza ilijibu mwaka 1898. Baada ya miaka mingi ya kuwatoza faini na hata kuwafunga wazazi waliokataa chanjo ya ndui, sheria ilimpa ruhusa mzazi aliyeweza kumridhisha hakimu kuwa anakataa kwa dhamiri. Mahakama ya Juu ya Marekani ilielekea kwingine mwaka 1905, ilipomkatalia mchungaji Henning Jacobson wa Massachusetts, aliyetozwa faini ya dola 5. Uganda imetunga sheria inayodai kadi ya chanjo mlangoni pa shule na kumtishia mzazi kifungo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaja chanjo pamoja na chakula, malazi na elimu katika mambo ambayo mzazi ana wajibu wa kumpa mtoto. Jacobson, walau, alikuwa akiukatalia mwili wake mwenyewe. Mzazi anaukatalia mwili wa mwingine, ambaye bado hajui kusema.

Mwezi Mei 2023 Rukwa ilitoa mfano unaozitia dosari hoja za pande zote mbili. Mtoto mdogo wa Sumbawanga alithibitishwa kuwa amepooza kwa polio. Tanzania ilikuwa haijamwona mgonjwa wa polio ya asili tangu mwaka 1996, na mwaka 2015 ilitangazwa kuwa imeutokomeza ugonjwa huo. Lakini kirusi kilichompooza mtoto huyu hakikuwa cha asili. Asili yake ni matone ya chanjo. Kirusi hai kilichodhoofishwa humo ndani hupita tumboni mwa mtoto aliyechanjwa, kikatoka chooni na kuingia katika maji na mikono ya watu. Kikikuta watoto wenye kinga, hufa. Kikikuta wengi wasio nayo, huhama kutoka kwa huyu hadi kwa yule, mwezi baada ya mwezi, hata kikarudiwa na ukali wake wa zamani.

Basi anayekataa atasema: chanjo ndiyo iliyomlemaza. Ana nusu ya ukweli mkononi, na ni nusu iliyo hatari kuliko uongo. Anayelazimisha atasema: kosa ni la waliokataa. Naye ana nusu, tena pungufu. Mwezi Aprili 2016 aina ya pili ya kirusi, ndiyo hiyo iliyokuja kuonekana Rukwa, iliondolewa katika matone ya chanjo ya kawaida duniani kote, kwa kuwa ile ya asili ilihesabiwa kuwa imekwisha. Sindano iliyokusudiwa kuziba pengo ilichelewa kufika Tanzania hadi mwaka 2018, viwanda viliposhindwa kutosheleza mahitaji. Kizazi kizima cha watoto kiliachwa bila ngao, na hakuna mzazi wa Ufipa aliyeulizwa.

Hata hivyo, dhamiri peke yake haitoshi kuwa udhuru. Anayeilipia si mwenye nayo. Ni mtoto mchanga wa jirani ambaye umri wake wa kuchanjwa haujafika, na ambaye mkataaji hatamjua kamwe. Mwishoni mwa mwaka 2022, surua ilipoua watoto huko Mpimbwe katika mkoa jirani wa Katavi, hapakuwa na aliyeweza kusema yupi alimwambukiza yupi. Lakini kumfungia mtoto mlango wa shule ni kupiga pasipo na nyoka. Polio hupoozesha zaidi, na surua huua zaidi, kabla ya umri wa darasa la kwanza. Mlango ukifungwa, anayebaki nje ni yule yule ambaye hakukataa kitu. Wala mlango haujui kumpambanua mwana wa mkataaji na mwana wa mfugaji anayehamahama bondeni mwa Rukwa, ambaye kliniki haijamfikia. Wote wawili watahesabiwa kuwa wakaidi, na kijiji kitakuwa kimepata wachawi wapya.

Mwezi Septemba 2023 wachanjaji walitumwa nyumba kwa nyumba katika mikoa sita, Rukwa ikiwamo, kwa watoto wa chini ya miaka minane. Matone yalikuwa ya aina mpya, yaliyotengenezwa ili kirusi chake kisirudiwe na ukali kwa urahisi. Urahisi ulipunguzwa, haukuondolewa kabisa. Mama aliyeuliza kizingitini kama ni kweli kirusi kile kilitokana na chanjo alistahili kujibiwa ndiyo, kisha kuelezwa yaliyobaki. Jibu hilo lahitaji muda na kiti cha kukalia, na mchanjaji ana nyumba nyingi za kuzifikia kabla jua halijatua.