Apigaye na Apigwaye: Suala la Haki katika Vitabu Vitatu vya Afrika Kusini

Mtu anayetoka studio mjini Mombasa, baada ya kuvaa kanzu yake ya Idi na kukaa mbele ya pazia lililochorwa bustani, huwaambia wenziwe kwamba amepiga picha. Kamera hakuishika, aliyeifyatua ni mwenye studio. Hata hivyo wasemaji wa Kiswahili humpa yeye nafasi ya mtenda, kwa kuwa ndiye aliyekusudia picha iwepo, akachagua nguo, akachagua mkao, akalipa. Mtu huyohuyo akikamatwa na kusimamishwa ukutani kituoni, husema amepigwa picha. Kitenzi ni kimoja, mashine ni ileile, na pengine hata karatasi ni ya ukubwa uleule. Kilichobadilika ni nani aliyeulizwa. Hatutaki kukibebesha kitenzi hiki mzigo kisichouweza. Hupigwa pasi, hupigwa deki, hupigwa hodi, wala hakuna anayeumia. Tunachozingatia ni kauli tu, ya kutenda na ya kutendwa, kwa sababu inatuwezesha kuuliza kwa lugha yetu swali ambalo uhakiki wa maandishi ya kutetea wanyonge aghalabu hulikwepa: mtetezi ana haki gani juu ya yule anayemtetea?

Kwa kawaida swali hili huzimwa kabla halijaulizwa. Husemwa kwamba dhamira ya mtunzi ni njema, kwamba dhuluma aliyoifichua ni kubwa, na kwamba kuuliza zaidi ya hapo ni kumsaidia dhalimu. Tunaona kinyume chake. Ni pale dhamira ilipo njema ndipo swali linapokuwa gumu, maana mtunzi mwenye nia mbaya hatuhitaji falsafa kumhukumu. Ndiyo maana tumechagua vitabu vitatu vya watu ambao unyofu wao haubishaniwi: Naught for Your Comfort cha Trevor Huddleston (1956), Down Second Avenue cha Ezekiel Mphahlele (1959), na House of Bondage, kitabu cha picha cha Ernest Cole (1967). Cha kwanza ni cha kasisi aliyesimamia shule, cha pili ni tawasifu ya mwalimu aliyefukuzwa, cha tatu ni cha mpiga picha aliyeacha shule. Vyote vitatu vinapitia mlango mmoja, nao ni darasa la mtoto Mwafrika wakati wa Sheria ya Elimu ya Wabantu ya mwaka 1953.

Sheria hiyo, iliyosimamiwa na Hendrik Verwoerd akiwa Waziri wa Mambo ya Wenyeji, iliziondoa shule za Waafrika mikononi mwa misheni na kuzitia chini ya wizara yake, ili mtoto Mwafrika afundishwe yale tu yanayomfaa mtu atakayekuwa mtumishi. Misheni zilipewa hiari iliyofanana na kukosa hiari: zikabidhi shule kwa serikali, au ruzuku ipunguzwe hadi ikome. Wengi walikabidhi. Maaskofu wa Kikatoliki walichangisha fedha ili waendelee peke yao. Huddleston na shirika lake waliamua kuifunga shule yao ya St Peter's, Rosettenville, Johannesburg, shule iliyowasomesha Oliver Tambo, Peter Abrahams na Mphahlele mwenyewe.

Uamuzi huo ni mada kamili ya maadili ya uongozi wa elimu, na inashangaza jinsi unavyotajwa kwa kupitiwa tu. Hoja ya Huddleston ina nguvu: shule iliyoundwa kumfundisha mtoto kuikubali dhuluma si shule tena, na anayeiendesha kwa huruma huigeuza huruma yake kuwa chombo cha dhuluma hiyo. Hoja ya upande wa pili nayo haipuuziki. Mwalimu aliye na dhamiri anaweza, mlango ukishafungwa, kufundisha kile ambacho silabasi haikutaka kifundishwe. Tena dhamiri ya mkuu wa shule ikibaki safi, anayekosa darasa ni mtoto. Mwezi Aprili 1955, ANC ilipoitisha mgomo wa shule, maelfu ya watoto walifukuzwa kwa amri ya Verwoerd. Kwa ajili yao vilianzishwa vilabu vya utamaduni, na kwa kuwa kuendesha shule isiyosajiliwa lilikuwa kosa, vilabu hivyo viliwafunza watoto kwa hadithi, nyimbo na michezo. Sisi tunaofundisha fasihi simulizi kana kwamba ni mabaki ya zamani tungefaidika kuvikumbuka: hadithi ilikuwa ndiyo elimu pekee isiyohitaji leseni.

Tunaamini Huddleston aliamua sawa. Lakini kitabu chake tunakisoma kama wahakiki, na humo uchungu unaosikika zaidi ni uchungu wa mwenye kufunga shule. Wanafunzi wanapendwa, wanasifiwa, wanaliliwa. Ni nadra kuwasikia wakibishana naye. Wamo katika kauli ya kutendwa, japo anayetenda ni rafiki. Huenda wasomaji wa Tanzania, wanaomkumbuka kama Askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968, wakatuona wakali. Ukali huo haugusi mapenzi yake. Unagusa sentensi zake.

Mphahlele anaonekana kuliepuka tatizo hili kwa kuwa anajiandikia mwenyewe. Alipigwa marufuku kufundisha mwaka 1952 kwa kuipinga mipango ya elimu hiyo hata kabla haijawa sheria, akahamia Nigeria mwaka 1957, na mwaka 1963 akaja Nairobi kuongoza kituo cha utamaduni cha Chemchemi, kisha akafundisha katika chuo kikuu hapa. Katika tawasifu yake apigaye na apigwaye ni mtu mmoja. Amevaa nguo aliyoichagua, kama yule wetu wa studio. Hata hivyo hakuna tawasifu ya mtu mmoja. Mama yake, bibi yake na shangazi Dora wamo kitabuni wakiwa na hasira zao na umaskini wao, nao hawakuulizwa. Kinachomwokoa ni kwamba aliwaachia ulimi: shangazi huyo husema kwa sauti yake, humkosoa kijana aliye mbele yake, na humkatiza hata msimulizi. Anayeweza kumkatiza mwandishi hajapigwa picha tu, ameshiriki kuipiga.

Tunafika kwa Cole, na hapa ndipo penye uzito. Alizaliwa mwaka 1940 karibu na Pretoria, akaacha shule alipoona elimu mpya ilivyo, akamalizia masomo kwa njia ya posta. Alibadili jina kutoka Kole kuwa Cole na kufaulu kuandikishwa katika kundi la machotara, jambo lililompa nafasi ya kutembea ambayo Mwafrika mwenye kipande hakuwa nayo. Mwaka 1966 aliondoka nchini. Mwaka uliofuata kitabu chake kilitoka New York, kikapigwa marufuku kwao, naye hakurudi tena. Alifariki New York Februari 1990, siku chache baada ya Nelson Mandela kutoka gerezani.

Kipande kinahitaji neno. Wasomaji wa Kenya wanajua uzito wa jina hilo, japo kipande cha kikoloni hapa kilijulikana zaidi kwa alama za vidole na kile kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Kile cha Afrika Kusini kilikuwa kitabu chenye picha ya mwenyewe. Kwa hiyo serikali ilikuwa mpiga picha mkubwa kuliko wote nchini, na Mwafrika mtu mzima alibeba mfukoni ushahidi kwamba alipigwa. Kamera ya Cole iliingia katika nchi ambamo kupigwa picha kulikuwa tayari ni tendo la utawala. Je, yake ilitofautianaje?

Chukua picha ya wachimba migodi wakipimwa afya. Wamepangwa uchi, wameuelekea ukuta, mikono juu. Cole aliipiga kwa siri, kamera ikiwa imefichwa. Hakuwaomba ruhusa, wala hakuweza. Kuomba kungekuwa mwisho wa picha na pengine mwanzo wa kifungo. Waliovuliwa na mgodi walionyeshwa wakiwa wamevuliwa kwa wasomaji wa New York. Wapo watakaosema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na kwamba Cole, kwa kuwa Mwafrika chini ya sheria zilezile, alikuwa mmoja wao. Methali hiyo hatuikatai, ila tatizo lake ni kwamba maiti hasemi. Cole alijua adhabu. Hakuwa yeye aliyesimama ukutani. Kuteseka kwa mtunzi, hata kukiwa kukubwa kama uhamisho wake, hakulipi deni la mwingine. Tunaloweza kusema kwa haki ni kwamba siri ile ilimwibia mwenye mgodi kabla ya kumwibia mchimbaji, na kwamba picha imetuonyesha migongo. Katika picha ya kipande uso ndio kila kitu. Hapa nyuso zimebaki za wenyewe.

Picha ya mvulana darasani ni ya aina nyingine. Amechuchumaa sakafuni, jasho likimtiririka usoni, katika chumba kilichosongamana. Mbele yake kuna somo ambalo sisi hatulioni. Sura yote ya kitabu inayohusu elimu imejaa ithibati za upungufu: watoto wamepiga magoti wakiandika sakafuni, walimu wamechoka. Msomaji mwepesi ataiona picha hii kama ithibati nyingine ya aina hiyo. Lakini mtazame anakotazama. Hatutazami sisi. Hatuombi chakula, huruma wala mchango. Ana shughuli yake, nayo ni kuelewa. Sheria ilisema asifundishwe kufikiri, na yuko pale anafikiri, katika kile chumba kilichojengwa kumzuia. Ubao tusiouona ni wake. Kama tungelazimika kutafuta kauli ya kitenzi kwa mvulana huyu, tungesita kusema amepigwa.

Hata hivyo hana jina katika maelezo ya mwaka 1967. Huenda kutomtaja kulikuwa ulinzi, maana jina kitabuni ni jina mezani pa polisi. Ulinzi huo ulikuwa na sababu wakati huo. Unapoteza sababu pale picha inapotolewa kitabuni na kubandikwa kwenye jalada la ripoti au bango la semina, bila sura iliyoizunguka, ili iwakilishe "elimu Afrika". Na katika kosa hilo sisi walimu wa vyuo vikuu hatuko mbali. Tunaowachagulia wanafunzi vitabu tuna uongozi mdogo wa elimu mikononi mwetu, na ukurasa mmoja uliotolewa nakala ukagawiwa darasani unaweza kumrudisha mvulana yule katika picha ya kipande.

Mwaka 2017 negativu za Cole zipatazo 60,000 zilipatikana katika benki mjini Stockholm, na mwaka 2022 House of Bondage kikachapishwa upya kikiwa na sura ambayo Cole aliipa jina lakini haikuingia katika toleo la kwanza. Ni sura ya ubunifu: wanamuziki, wachoraji, wachezaji dansi, mabondia. Ni watu wanaojua wanatazamwa na wamejipanga wenyewe. Kitabu kilichoulilia ulimwengu kwa miaka 55 kilikuwa kimewaacha nje watu wa aina hiyo, labda kwa sababu kesi mbele ya mahakama ya dunia ilihitaji majeruhi, na mwanamuziki anayefurahia tarumbeta yake ni shahidi dhaifu. Msomaji anayekifungua leo hukutana na sura hiyo mwishoni, akishapita wachimbaji, akishapita darasa. Tungependa kujua wanafunzi wetu watasema nini wakipewa kitabu hicho na kuambiwa waanze huko nyuma.