Dinari Mbili, na Neno la Kurudi

Somo: Luka 10:30–37



Mfano wa Msamaria twaujua tangu utoto. Hata watoto wa shule ya Jumapili waweza kuusimulia: mtu aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, wanyang'anyi, kuhani aliyepita kando, Mlawi aliyepita kando, kisha yule mgeni na mnyama wake, mafuta yake na divai yake. Lakini mara nyingi tukifika hapo twafunga kitabu, kana kwamba habari imekwisha jeraha lilipofungwa. Haijaisha. Bwana wetu aliendelea hata akamfikisha yule mtu penye nyumba ya wageni, akataja fedha zilizotolewa, na mwenye nyumba aliyezipokea, na jinsi walivyoagana asubuhi yake. Mwezi huu twataka kukaa hapo mlangoni pa nyumba ya wageni, maana katika miaka hii jambo hilo limekuwa shauri la serikali na la miji mikubwa: je, yafaa mtu asiye na makazi alazwe hotelini, na akilazwa, akae humo hata lini?

Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoenea, serikali nyingi ziliwaamuru watu wao wakae nyumbani. Amri ilikuwa njema, ila yuko mtu ambaye hakuweza kuitii hata akitaka, naye ni yule asiye na nyumba. Wakati ule ule hoteli zilikuwa tupu, kwa kuwa safari zilikatazwa. Vitanda vilitandikwa pasipo mtu wa kuvilalia, na watu walilala chini ya madaraja karibu na milango ya hoteli hizo hizo. Basi katika jimbo la California, nchi ya Marekani, gavana Gavin Newsom alitangaza mwezi wa Aprili mpango wa kukodi vyumba vya hoteli, akiweka lengo la vyumba 15,000, kwa ajili ya wazee, na wenye maradhi ya kudumu, na walioambukizwa au kukaa karibu na wagonjwa. Serikali kuu ya Marekani iliahidi kurudisha robo tatu ya gharama. Huko Uingereza, mwishoni mwa Machi, halmashauri za England ziliagizwa kuwaondoa barabarani wote waliolala nje, na kwa muda wa siku chache tu. Hata kufika Mei karibu watu 15,000 walikuwa wamewekwa hotelini na mahali pengine pa muda. Wataalamu walioandika baadaye mwaka ule katika jarida la madaktari liitwalo Lancet Respiratory Medicine walikadiria ya kwamba hatua zilizochukuliwa kuwalinda watu hao ziliepusha vifo 266 katika wimbi la kwanza la ugonjwa.

Tusilipite jambo hili upesi. Miaka mingi watu wa miji ile waliambiwa ya kwamba haiwezekani kuwapatia wote mahali pa kulala. Kisha ikawezekana, tena kwa muda wa majuma machache. Wala si kwa sababu mioyo iligeuka ghafula. Twadhani wengi waliogopa kuambukizwa. Hata hivyo aliyepewa ufunguo wa chumba hakuulizwa umetoka katika hofu au katika upendo. Alifunga mlango wake, akaoga, akalala pasipo kushika viatu vyake mkononi.

Kwa hiyo sisi hatumo kati yao wanaoidharau hoteli. Msamaria naye hakuidharau. Alikuwa njiani, katika nchi ambayo wenyeji wake hawakula pamoja na watu wake; hakuwa na nyumba hapo, wala jamaa. Alitumia kile kilichokuwapo barabarani. Tena twasoma katika mfano wa shamba la mizabibu, Injili ya Mathayo, ya kwamba dinari moja ilikuwa ujira wa mtu wa kutwa. Basi aliacha kazi ya siku mbili mezani pa mtu mwingine kwa ajili ya mtu asiyemjua jina. Nalo neno la Kiyunani analolitumia Luka kwa nyumba hiyo lina maana ya mahali papokeapo wote. Si neno lile alilolitumia kwa nyumba ya Bethlehemu iliyokosa nafasi kwa Mariamu na Yusufu; lile ni sawa na chumba cha wageni ambamo Bwana alikula Pasaka na wanafunzi wake.

Lakini kulala siku mbili ni jambo moja, na kukaa miaka miwili ni jambo lingine. Katika mji wa New York, miaka ya 1980, jamaa nyingi zisizo na makazi ziliwekwa katika hoteli, nayo iliyojulikana kuliko zote ni Martinique. Mwandishi Jonathan Kozol aliingia humo, akakaa na akina mama na watoto wao, akaandika kitabu kilichotolewa mwaka 1988, kiitwacho Rachel and Her Children. Habari zake zahuzunisha. Jamaa nzima katika chumba kimoja au viwili, watoto wakikua katika korido. Na mji ulitoa kwa chumba fedha ambazo zingalitosha kupangisha nyumba nzuri. Lakini jambo lililotugusa kuliko yote ni dogo: kupika kulikatazwa. Hoteli imejengwa kwa mtu anayekula nje na kuondoka kesho. Basi akina mama walipika kwa siri juu ya jiko dogo la umeme, na wakaguzi walipokuja iliwapasa kulificha.

Wapenzi, fikirini mama anayeficha jiko lake. Kwetu mtu akijenga, hata kabla ya kukandika ukuta wote, huweka mafiga, na moshi ukionekana juu ya paa majirani husema, amehamia. Mtoto hujua kwao kwa harufu ya chakula cha mama yake. Mtu aweza kupewa kitanda, na shuka nyeupe, na taa, na maji ya moto, akakosa hilo, naye akabaki mgeni mwaka wa tatu kama siku ya kwanza. Wala si chakula tu. Katika hoteli nyingi zilizokodiwa huko California watu walikatazwa kupokea wageni, na saa ya kurudi chumbani ilipangwa. Twajua sababu zake, maana ugonjwa ulikuwapo na utaratibu ulihitajiwa. Lakini mtu asiyeweza kumkaribisha ndugu yake akae naye jioni hajapata nyumba bado. Amepata pa kulala.

Waingereza waliliona hilo zamani kidogo. Walitoa agizo mwaka 2003, likaanza kutumika Aprili 2004, ya kwamba jamaa yenye watoto isiwekwe katika hoteli za kulala na chai ya asubuhi, ambamo jamaa nyingi hutumia bafu moja au jiko moja, kupita majuma 6. Agizo ni zuri. Lakini nyumba za bei nafuu hazikuongezeka kama ilivyohitajiwa, na katika mwezi wa Machi mwaka 2024 hesabu ya serikali ilionyesha jamaa zaidi ya 117,000 katika England zikiishi katika makao ya muda ya kila namna, na watoto zaidi ya 145,000 wakiwa ndani yake. Sheria imeweka mpaka wa siku, lakini mlango wa kutokea haukujengwa.

Hapo ndipo twafahamu kwa nini Bwana wetu aliendelea na hadithi yake. Msamaria hakutoa dinari mbili tu. Alimwambia mwenye nyumba ya kwamba atarudi, na ya kwamba gharama yo yote iliyozidi ni juu yake. Katika neno hilo la kurudi mna upendo kuliko katika fedha. Fedha peke yake ingaliweza kuwa njia ya kumtupa mtu kwa heshima: chukua hizi, mweke humo, nisimwone tena. Na katika miji mingi hoteli imetumiwa hivyo. Mtu huondolewa barabarani ili barabara ionekane safi, naye husahauliwa nyuma ya mlango wenye namba. Fedha ya serikali kuu ya Marekani kwa vyumba vile ilipokoma mwaka 2023, mpango ulifungwa. Wengine walikuwa wamekwisha kupata nyumba, na wengine walirudi walikotoka.

Tena wako waliorudi kweli. Katika mwaka ule ule wa 2020 jimbo la California lilitenga dola milioni 600, likazipa halmashauri zake zinunue hoteli na majengo mengine badala ya kuyakodi, kusudi yawe makazi. Kabla ya mwaka kwisha karibu nyumba 6,000 zilikuwa zimepatikana. Mahali pengi vyumba viliongezwa majiko madogo. Nalo jina hubadilika: aliyeitwa mgeni sasa ni mpangaji, ana mkataba, na barua zake humfikia.

Wazee wetu katika imani walilijua shauri hili kabla ya watu wa leo. Mwaka 1854, huko Bonn katika Ujerumani, mwalimu wa sheria aitwaye Clemens Theodor Perthes alifungua nyumba ya wageni kwa mafundi waliotembea wakitafuta kazi, akaipa jina lenye maana ya kwetu, mahali pa mtu pa nyumbani. Nyumba za jina hilo zikaenea. Msimamizi aliitwa baba wa nyumba, akakusanya wote jioni kwa sala. Kisha mchungaji Friedrich von Bodelschwingh wa Bethel aliona ya kwamba watu wa barabarani hulala usiku mmoja na kuondoka, usiku mmoja na kuondoka, wala hawafiki po pote. Basi mwaka 1882, katika nchi ya mchanga karibu na Bielefeld, alianza kijiji cha Wilhelmsdorf, ambako wasio na kazi walipewa kitanda pamoja na shamba la kulima. Sisi husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu hulisema neno hili ili kumfukuza mgeni. Bodelschwingh angalilisoma vingine: mgeni aliyepewa jembe amekwisha kuhesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Nao Wakristo wa Usambara wana sababu ya kumkumbuka, maana misioni iliyoshikamana na Bethel ndiyo iliyofika kwao mwaka 1891, na nyumba ya Lutindi ilianzwa mwaka 1896 kwa watoto waliokombolewa utumwani, kabla haijawa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Sasa twaja kwetu. Kanisa letu lina nyumba za wageni. Zimo katika miji, zimejengwa kwa sadaka, na mapato yake husaidia kazi ya Injili; mishahara ya wainjilisti wengine hutoka humo. Katika miji hiyo hiyo wako walalao barazani mwa maduka, na wajane waliofukuzwa katika nyumba za waume zao, na vijana waliotoka hospitalini wasiwe na pa kwenda. Twajua yatakayosemwa: wageni wanaolipa watakimbia, vyumba vitaharibika, akiingia mmoja watakuja kumi. Maneno hayo si ya kipumbavu, na msimamizi wa nyumba asilaumiwe kwa kuyasema. Mwenye nyumba katika mfano naye alikuwa mtu wa biashara, wala Bwana hakumwagiza atoe bure. Alilipwa. Aliyemlipa ndiye aliyechukua mzigo, akamwacha yeye afanye kazi yake.

Basi twawaomba wasimamizi na sharika mpatane. Usharika ulipe chumba kimoja kwa bei ya haki, na kiwe karibu na jiko, ili anayekaa humo aweze kujipikia. Naye mzee mmoja, au mama mmoja wa umoja wa wanawake, atajwe kwa jina lake kuwa ndiye atakayerudi: kesho yake, na juma lijalo, na mwezi ujao, akitafuta pamoja na mtu yule chumba cha kupanga, au kazi, au jamaa zake waliko, hata siku atakapotoka na vyombo vyake. Jambo hili lipelekwe katika baraza la wazee mapema, kabla ya hesabu za mwaka mpya kufungwa, maana bei za vyumba zikiisha kupangwa ni vigumu kukitoa hata kimoja.