Zulia la Kabaila, Mkono wa Mjakazi

Mhakiki wa fasihi amezoea kuulizwa iwapo kazi njema yaweza kutoka kwa mtunzi mwovu. Swali ninalokusudia kulijadili hapa ni jirani ya hilo, ila lina uzito zaidi: je, kazi iliyofanywa na mkono uliolazimishwa yaweza kufurahiwa bila ya anayeifurahia kuwa mshirika wa ulazimishaji huo? Mfano wangu nimeutoa nje ya fasihi, nao ni mazulia bapa yaliyofumwa nchini Urusi kwa ajili ya majumba ya makabaila katika karne ya 18 na ya 19. Zulia halina mhusika wala msimulizi wa kututetea. Lina sufu, rangi na kazi.

Tuanze na kitu chenyewe. Zulia bapa halina manyoya. Nyuzi za mtande hutandwa kwenye kitanda cha mfumi, kisha mshindio wa sufu hupitishwa juu na chini yake na kushindiliwa hadi mtande usionekane tena. Picha yote, basi, ni ya mshindio. Panapokutana rangi mbili, mara nyingi mfumaji huurudisha kila uzi upande wake na kuacha upenyo mwembamba baina yao. Ufumaji wa namna hii hupenda pembe na mstari ulionyooka, mviringo huutaabisha. Lakini kabaila wa Kirusi alitaka mawaridi. Mwaka 1717 Peter wa Kwanza alikuwa ameanzisha kiwanda cha mazulia ya ukutani huko St Petersburg kwa msaada wa mafundi walioletwa kutoka Ufaransa, na ladha ya Kifaransa ikaenea miongoni mwa wakuu. Wenye mashamba waliokuwa na karakana zao wenyewe nao wakataka mashada ya maua yenye vivuli, mara nyingi juu ya uwanja mweusi au wa kahawia. Ikambidi mfumaji alivunjevunje ua kuwa vidato vidogo vidogo, uzi baada ya uzi, rangi baada ya rangi, mpaka jicho la mtazamaji lidanganyike na kuona mviringo pasipo na mviringo.

Katika karakana za mashambani, mfumaji huyo alikuwa mtwana, yaani mtu aliyefungwa kwa bwana wake kisheria, ambaye angeweza kuuzwa au kuwekwa rehani. Wengi walikuwa wanawake na wasichana. Na hapa pana jambo ambalo hunisumbua kila nilifikiapo. Utajiri wa kabaila ulipimwa kwa idadi ya "roho" alizomiliki, hesabu ambayo Nikolai Gogol aliifanya kitovu cha riwaya yake ya Roho Zilizokufa (1842). Roho hizo zilizotozwa kodi na kutajwa katika majigambo ya mabwana zilikuwa za wanaume. Mjakazi aliyeketi mbele ya kitanda cha mfumi hakuhesabiwa hata kuwa roho.

Wako watakaosema kwamba ujumi una sheria zake, na kwamba waridi la sufu ni zuri au baya bila kujali aliyelifuma. Jibu hili lina uvivu ndani yake, na soko limelipenda. Katika orodha za minada, zulia kongwe huelezwa vipimo vyake, umri wake, hali yake, na ikiwezekana familia iliyowahi kulimiliki. Hiyo ndiyo huitwa asili ya zulia: mfuatano wa waliolikanyaga.

Jibu la pili ni zito zaidi, nalo ni la Leo Tolstoy, ambaye mwenyewe alizaliwa kabaila. Katika Sanaa ni Nini?, iliyotoka mwaka 1897 na 1898, anaeleza mazoezi ya opera aliyoyashuhudia, jinsi watendaji walivyotukanwa, na jinsi mafundi wengi wanavyomaliza maisha yao katika kazi ngumu ili sanaa ya wachache iwepo. Anauliza kama sanaa hiyo inastahili gharama yake. Nalistahi swali hilo. Hata hivyo, tukilifikisha kwenye zulia na kulikataa zulia lote, tutakuwa tumemwona mfumaji kama mhanga tu, asiye na akili mikononi mwake. Tuitazame Bessarabia, iliyotwaliwa na Urusi mwaka 1812. Huko wanawake wa vijijini walifuma mazulia bapa kwa ajili ya nyumba zao wenyewe, na zulia lilikuwa miongoni mwa vitu alivyokwenda navyo binti kwa mumewe. Ufumaji huo wa Romania na Moldova uliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2016. Ufundi, basi, haukuhitaji kabaila ili uwepo. Bwana aliweza kuamuru waridi. Namna ya kulipata waridi kwa nyuzi zinazopinga mviringo haikuwa amri yake.

Niliwahi kuitoa hoja hii darasani, nikadhani nimeshinda. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, na kama yeye mwenyewe alilichukia hilo waridi?" Sikuwa na jibu. Hoja yangu ilikuwa imemrudishia mfumaji akili yake, ila ilimnyima haki ya kuichukia kazi iliyotumia akili hiyo. Kumsifu mtu kwa ustadi alioshurutishwa kuutoa kwaweza kuwa njia ya adabu ya kuendelea kumtumikisha.

Mwaka 1861 watwana zaidi ya milioni 20 walitangazwa kuwa huru. Wakulima waligawiwa ardhi, waliyotakiwa kuilipia kwa miaka mingi. Watumishi wa nyumba za mabwana hawakugawiwa kitu. Waliotolewa kwenye kundi hilo la mwisho na kuwekwa karakanani walitoka na vidole vyao. Mazulia yalibaki ndani.