Ahadi Isiyo na Mlipaji

Ahadi ni deni. Methali hii niliisikia tangu utotoni, lakini uzito wake niliujua jioni moja nikiwa mbele ya kompyuta.

Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ndogo yenye mfumo wa kukatia tiketi za mabasi. Kila seva ilipowashwa ilipitia hatua tatu: kusoma mipangilio, kuunganishwa na kanzidata, kisha kupakia orodha ya safari na nauli. Hatua hizo zilikula karibu dakika nzima, nami nilikuwa nawasha na kuzima seva kutwa. Nikaweka swichi: ukiandika RUKA_MAANDALIZI=1, hatua zote zinarukwa na poti inafunguka papo hapo. Wakati huo nilikuwa natengeneza kurasa za maelezo tu, zisizogusa nauli, kwa hiyo sikuona tatizo.

Alhamisi moja faili langu la mipangilio, lenye swichi hiyo, likapanda kwenye seva kuu pamoja na mabadiliko mengine. Seva ikawaka upesi kuliko siku zote. Nikafurahi.

Haikupita robo saa, simu zikaanza. Wakala wa stendi alisema akibonyeza "tafuta basi", kiduara kinazunguka tu, na abiria wamepanga foleni mbele yake. Nikatuma ombi lilelile mwenyewe kwa curl. Kishale kikapepesa, hakuna jibu, hakuna kosa. Zilipotimia sekunde 60, Nginx iliyokaa mbele ya seva ikachoka kungoja, ikarudisha 504. Nikafungua logi. Mstari wa mwisho ulisomeka: "Seva iko tayari, poti 3000." Prosesa ilikuwa imetulia tuli. Nikawasha upya mara tatu, mambo yakawa yaleyale.

Dada mmoja aliyenitangulia kazini akavuta kiti.

"Mdogo wangu, hilo ombi linamsubiri nani?"

"Sijui, dada."

"Basi tumtafute."

Tukafuata msimbo mstari kwa mstari mpaka tukakuta maneno mawili: await nauliTayari.

Katika JavaScript kuna kitu kiitwacho Promise, yaani ahadi, kilichoingia rasmi katika lugha hiyo mwaka 2015. Sehemu moja ya programu huahidi kwamba kitu kitakuja, na nyingine hukaa kukingoja. Ahadi inaweza kutimizwa au kukataliwa, ila hakuna kinacholazimisha lolote kati ya hayo litokee. Isipotimizwa wala kukataliwa, haipigi kelele, na yenyewe haina muda wa kuisha. Ahadi yetu ya nauli ilikuwa ikitimizwa na mstari wa mwisho wa hatua ya tatu, hatua niliyoiruka. Deni lilibaki, mlipaji nilikuwa nimemfukuza.

Kuzima swichi kulirudisha huduma mara moja, lakini dada yule hakuniruhusu kuishia hapo. Kwanza, tukaagiza kwamba hatua ikirukwa, ahadi yake ikataliwe palepale kwa sababu iliyoandikwa wazi, ili kosa lionekane kwenye logi. Pili, kila kungoja kukapewa kikomo cha sekunde 5. Kikipita, mteja anapata 503 na kujua kwamba huduma haijawa tayari. Tatu, seva kuu ikakatazwa kufungua poti kabla maandalizi hayajakamilika. Mwisho tukaandika jaribio linalowasha seva ya majaribio kwa makusudi bila maandalizi, kisha kuhakikisha inajibu haraka, hata kama jibu lenyewe ni kosa.

Wewe unayeandika programu, usiione hatua ya kuwasha kuwa kero ya kupunguza tu. Kabla hujairuka, tafuta kila mahali panapoisubiri. Kosa linalopiga kelele hurekebishwa siku hiyohiyo. Ombi lililoganda kimya humwacha wakala akiwatazama abiria wakihamia dirisha la jirani, bila hata neno la kuwaambia. Ahadi ni deni, na deni liandikwe jina la mlipaji na siku ya kulipa.