Samaki wa Hodhi la Kioo na Haki ya Maji

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu (s.a.w.), twasema: katika darsa yetu ya baada ya Magharibi hapa Kisauni, ndugu mmoja alituletea suala ambalo baadhi ya waliohudhuria walilicheka. Mimi sikuliona la kuchekwa. Nyumbani kwake mna hodhi la kioo la lita 400, na ndani yake samaki wa rangi wanaowafurahisha wanawe. Kila juma hana budi kumwaga robo ya maji yale na kutia mengine. Hizo ni lita 100, yaani mitungi mitano ya lita 20, na mfereji wake, kama mifereji mingi ya huku kwetu, hukaa siku nyingi haudondoshi tone, hata akanunua kwa wenye mikokoteni. Jirani yake ni mjane, naye hununua mtungi mmoja kwa siku. Je, jambo hili lafaa?

Kijana mmoja alikata hukumu pale pale: ni israfu, basi ni haramu. Twampenda kwa ghera yake, lakini alifanya haraka. Kuweka kiumbe nyumbani kwa kujiliwaza hakukukatazwa. Abu Umair, nduguye Anas, alikuwa na kindege chake, na Mtume akimtania kwa upole juu yake, wala hakumwamrisha kukiachilia. Lakini Mtume huyo huyo ametupa habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache akajitafutie. Tazama vizuri dhambi yake i wapi. Samaki aliye baharini hutafuta mwenyewe. Aliyemo ndani ya kioo hana pa kwenda, na kila tone alilo nalo latoka mkononi mwako.

Tena yafaa kujua kwa nini maji yale hubadilishwa, kwani wengi hudhani ni pambo tu. Uchafu wa samaki hugeuka amonia, nayo ni sumu. Vijidudu visivyoonekana, vikaavyo katika changarawe na chujio, huigeuza kuwa nitriti, sumu vile vile, kisha nitrati, ambayo madhara yake ni madogo lakini hulimbikizana juma baada ya juma. Katika mahodhi mengi haina njia ya kutoka ila maji yatolewe. Wala hayatolewi yote mara moja, maana mageuzi ya ghafla huwadhuru samaki. Na maji ya mfereji yenye klorini hayatiwi ila dawa hiyo iondolewe kwanza. Basi maji haya kwa samaki ni kama chakula. Kumtilia si israfu. Lakini haja hii haikuletwa na samaki. Imeletwa na aliyemfungia.

Katika fiqhi ya Imamu Shafi, mtu mwenye maji machache yanayohitajiwa kwa kiu ya mnyama mwenye heshima hatawadhi kwayo, bali atatayamamu. Tazama daraja ya mnyama! Kiu yake imetangulizwa mbele ya udhu wako. Lakini kiu ya mwanadamu nayo hutangulia mbele ya ile ya mnyama, na hapo ndipo mjane yule anapoingia katika suala letu.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa jambo hili. Katika nyumba za mawe za Lamu, birika ya chooni iliwekwa samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa sakafuni mwa birika palijengewa bakuli la kaure, ili maji yapungukapo au birika isafishwapo samaki wapate pa kukaa. Mwenye kujenga nyumba alimkumbuka samaki kabla hajapaka chokaa! Na samaki yule alikuwa na kazi, na maji yake yalitumiwa na watu. Wanazuoni nao wamesamehe choo cha samaki ndani ya maji maadamu hakikuyageuza, na samaki hakutiwa humo kwa mchezo mtupu. Furaha ya watoto sisemi kuwa ni mchezo mtupu, lakini si sawa na kuondoa mbu.

Basi tulimjibu hivi. Katika siku za ukame mtungi wa kwanza uende kwa jirani, bila ya kungoja aombe. Samaki na wapunguzwe, na hodhi liwe dogo, mpaka haja yao iwe ndani ya uwezo wake. Wanaozidi awape mwenye maji ya kutosha, asiwatupe mitoni wakaharibu viumbe vya huko. Maji yatolewayo yasimwagwe barabarani: migomba na mchicha hustawi kwayo, na choo huoshwa kwayo. Ama kuwaacha samaki wafe katika uchafu wao kwa kuwa maji ni ghali, huo ndio mlango wa yule mwenye paka.

Ndugu yetu aliridhika. Mzee mmoja wa darsa hakuridhika. Alisema kwamba mtaani ambamo watoto huamka alfajiri kupanga mitungi kisimani, hata ndoo moja ya samaki ni nyingi. Nilimjibu kwa dalili nilizozitaja, akanyamaza, lakini sikuona kwamba nimemshinda. Wallahu aalam.