Deni la Gesi ya Samadi

Husemwa mara nyingi kwamba mwenye mtambo wa biogesi hana deni lolote kwa mazingira, kwani anapikia mavi ya ng'ombe wala hakati mti. Neno hili nalipenda, walakini silikubali lote.

Faida zake ni za kweli. Mkoani Arusha, tangu miaka ya 1980, kituo cha CAMARTEC kikishirikiana na Wajerumani kilieneza mitambo ya kuba la matofali, na palipo na ng'ombe wa maziwa wafugwao bandani mama wengi wameagana na moshi. Si jambo dogo: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Tope litokalo mtamboni nalo hurutubisha migomba.

Sasa tuitazame gesi yenyewe. Samadi iliyotandazwa shambani, ikapata hewa na jua, hutoa methani kidogo. Tukiifungia shimoni pamoja na maji, pasipo hewa, vijidudu huizalisha methani kwa wingi, hata ikawa asilimia 60 hivi ya biogesi. Ikiwaka, hugeuka mvuke wa maji na hewa ya ukaa ileile ambayo majani yaliivuta kabla ng'ombe hajayala. Ikivuja bila kuwaka, kilo moja huitia dunia joto mara 28 hivi kuliko kilo ya hewa ya ukaa, kwa hesabu ya miaka 100. Kwa hiyo mwenye mtambo ametengeneza kitu ambacho kwa sehemu kubwa kisingalikuwapo, naye ndiye wa kuulizwa. (Methani ambayo ng'ombe huitoa kwa kucheua ni shauri jingine, mtambo hauigusi.)

Ugumu ni kwamba moshi humliza mpishi, lakini methani ikivuja haimwudhi mwenyewe. Watoto wakiisha kwenda zao, wakabaki wazee wawili na ng'ombe wanne, gesi huzidi matumizi, husukuma tope chini na kupenya kwenye tundu la kutokea. “Si gesi yangu?” mtu atasema. Ni yake ingali ndani ya kuba. Ikitoka, imeingia katika hewa ya jirani, na ya mtu wa mbali ambaye hakupata hata kikombe cha chai kwayo.

Wajibu wenyewe hauhitaji fedha nyingi: kupaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba ili kuona panapovuja, kupunguza samadi inayoingia, au kumvutia jirani bomba. Hili la mwisho ndilo linipendezalo zaidi, ijapokuwa jirani akishatupa mafiga yake, kisha ng'ombe wakauzwa, sijui nani atakayekwenda kumwambia.